Tusizililie bahasha, tuzihifadhi sauti

Wahenga hawakuafikiana kuhusu ukale. Mmoja alinena kwamba ya kale hayanuki. Mwingine akatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliovuka umri wa miaka arobaini tumekwisha kuchagua onyo la pili. Tukutanapo jioni penye chai ya maziwa ya ngamia hapa Garissa, mazungumzo huanzia bei ya mbuzi na kuishia kwenye mashtaka dhidi ya vijana: hawasomi, hawaandiki, na vichwa vyao vimeinamia rununu tangu alfajiri hadi usiku wa manane.

Dalili za uzee, mpenzi msomaji, hazimo katika mvi pekee. Mtu huanza kuzeeka siku anapoamini kwamba herufi za magazeti zimepunguzwa na mkono wake umefupishwa. Kisha hutambua kwamba wanafunzi wake humwonea huruma anapoisaka herufi moja moja kwa kidole cha shahada, ilhali wao huandika kwa vidole gumba viwili, mbio kama cherehani. Hapo hujifariji kwa maneno mawili tu: zama zetu.

Basi na tuzichunguze zama hizo bila ya kuzipamba. Katika miaka ya 1990, barua kutoka Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370, ilifika Garissa kwa wakati ilioutaka yenyewe. Kwa mfugaji aliyehama kufuata malisho haikufika kabisa, maana ngamia hawana sanduku la posta. Ujumbe wake ulibebwa kinywani mwa dereva wa lori. Kule Dadaab, kambi za wakimbizi zilikoanzishwa kuanzia 1991, watu waliwatafuta jamaa zao kwa redio ya upepo waliyoiita taar. Ulikaa mbele ya mwenye mtambo, ukazungumza kwa zamu, na waliongoja nyuma yako wakazisikia habari zote za ndoa, deni na msiba. Anayelalamika leo kwamba mtandao umeziua siri hakuwahi kungoja zamu yake kwenye taar.

Zaidi ya hayo, barua tunazozililia ziliandikwa kwa lugha gani? Kisomali kilipata hati rasmi mnamo 1972, serikali ya Somalia ilipoziteua herufi za Kilatini. Upande wetu wa mpaka, mtoto alisoma Kiarabu katika duksi, akasoma Kiswahili na Kiingereza shuleni, na lugha ya mama yake hakufundishwa kuiandika. Akimwandikia mamaye barua, ilibidi atafutwe mtu wa kuisoma na kuifasiri. Ndiyo maana mwenye habari nzito alipendelea kuinena katika kaseti. Tayari katika miaka ya 1970 na 1980 kaseti zilikuwa zikiyasafirisha mashairi ya Kisomali kote katika Pembe ya Afrika, kutoka mkono hadi mkono, bila ya mchapishaji.

Sasa mtazame huyo kijana tunayemshtaki. Huibana alama ya kipazasauti katika WhatsApp, akanena kwa Kisomali chake fasaha, akaachilia. Sauti humfikia shangazi aliyeko Minneapolis na binamu aliyeko malishoni, madhali mtandao upo. Kwani katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera milingoti ya simu imelipuliwa mara kadhaa, na vijiji vikarejea katika ukimya. Kijana huyo hajaiacha mila. Ameirudia. Mbacha wa jamii hii ni sauti. Sisi wa bahasha ndio tuliokuwa msala upitao.

Hata maandishi ya vijana yana ucheshi wake kwa mwanaisimu. Walipozoea kuandika "xaxa" badala ya "sasa", hawakujua kwamba katika hati ya Kisomali herufi x ni h nzito itokayo kooni. Mzee aliyeisoma hati hiyo angedhani kwamba mjukuu anamcheka.

Hata hivyo, lipo la kuhuzunikia. Mtoto wa Kisomali alifunzwa kuyakariri majina ya mababu zake, mmoja baada ya mwingine. Mashairi ya Sayyid Mohammed Abdulle Hassan, aliyefariki 1920, yaliishi vifuani mwa watu kwa zaidi ya nusu karne, hadi Sheikh Jama Omar Issa alipochapisha diwani yake mnamo 1974. Kumbukumbu ya watu ilifanya kazi ya maktaba. Leo tunazo sauti tele, lakini simu ikijaa tunazifuta, na ikiibwa zinakwenda nayo. Kaseti nazo zinaharibika kwa joto na vumbi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu si kuwanyang'anya wanafunzi rununu. Mtaala wa umilisi umezipa lugha za kiasili nafasi katika gredi ya 1 hadi ya 3. Nafasi hiyo isigeuzwe kipindi cha ziada cha hesabu. Mtoto na afundishwe x na c za lugha yake. Nanyi wanafunzi mlio vyuoni, kila mmoja na amrekodi mzee mmoja likizo hii, kwa ridhaa yake: jina, mahali, tarehe, kisha hadithi. Muinakili kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe mahali pawili. Wenzetu Wamunyoyaya wa kandokando ya Tana, ambao ni wachache, wana sababu ya kufanya haraka kutushinda.

Nasi wenye miwani tutachangia kadiri ya uwezo wetu. Kuandika kwa vidole gumba kumetushinda. Kuzungumza saa nzima bila ya kuulizwa hakujawahi kutushinda. Alimradi mnabonyeza kitufe mapema, kazi iliyobaki mtuachie.