Mchezo Umeanza Upya Baada ya Kuhamisha Kabrasha

Swali: Umehamisha kabrasha la Documents kutoka diski C hadi D. Sasa mchezo wa kompyuta unaanza upya kana kwamba hujawahi kuucheza. Eleza sababu na urekebishe.

Jibu: Faili zako hazijapotea. Programu nyingi huiuliza Windows kabrasha lilipo, lakini mchezo huu umeandikiwa njia moja isiyobadilika: C:\Users\Kidato4\Documents. Kwa hiyo hautazami D.

Hatua:
1. Funga mchezo, kisha weka nakala ya faili zako.
2. Kama mchezo umeunda kabrasha jipya mahali pa zamani, libadilishe jina.
3. Kwenye dirisha la amri andika:
mklink /J C:\Users\Kidato4\Documents D:\Documents

Amri hiyo huunda kiungo. Mchezo ukifuata njia ya zamani, Windows huupeleka D.

Zingatia: Taja "njia ya faili" katika maelezo yako, kuandika "virusi" hakujibu swali.