Bahari na uondoaji wa hewa ukaa: Kwa nini sheria hutangulia biashara

Bahari hufyonza takriban robo ya hewa ukaa inayozalishwa na shughuli za binadamu kila mwaka. Kazi hiyo ina gharama yake: hewa hiyo ikiyeyuka majini huongeza asidi, na tangu mapinduzi ya viwanda kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ni sawa na ongezeko la asidi la takriban asilimia 26.

Baadhi ya watafiti na kampuni sasa wanapendekeza bahari isaidiwe kufyonza zaidi. Mojawapo ya njia zilizojaribiwa ni kumwaga madini ya chuma baharini. Yapo maeneo ya bahari yenye virutubisho vingi lakini uhaba wa chuma. Chuma kikiongezwa, vijimea vidogo vya majini huongezeka na kuvuta hewa ukaa. Nadharia ni kwamba vijimea hivyo vikifa huzama na kaboni yake hadi vilindini.

Majaribio yameonesha kwamba si kila kijimea huzama. Mwaka 2009, watafiti wa Ujerumani na India walimwaga chuma katika Atlantiki ya Kusini. Vijimea viliongezeka, lakini vililiwa na viumbe wadogo wa majini, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo.

Mwaka 2012, takriban tani 100 za vumbi la chuma zilimwagwa nje ya pwani ya magharibi ya Kanada. Tukio hilo lilikosolewa kimataifa na kuchunguzwa na mamlaka za nchi hiyo. Mwaka uliofuata, nchi wanachama wa Itifaki ya London ya mwaka 1996, inayodhibiti utupaji wa taka baharini, zilipitisha marekebisho yanayoruhusu urutubishaji wa bahari kwa utafiti halali pekee, tena kwa kibali. Marekebisho hayo yanahitaji kuridhiwa na theluthi mbili ya wanachama ili yaanze kutumika.

Kaboni iliyo ufukweni hupimika kwa urahisi zaidi. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wananchi wanaotunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja huuza hati za kaboni, na mapato yake yamegharamia maji na elimu vijijini. Miti huhesabika, na udongo wake huchukuliwa sampuli.

Hivyo, mwananchi anayeletewa mradi wa kaboni ya bahari ana haki ya kuuliza mambo matatu: kaboni hiyo imepimwaje, itakaa huko kwa muda gani, na nani atawajibika endapo uvuvi utaathirika. Mradi usio na majibu ya maswali hayo haujawa tayari kuuzwa.