Mshahara Usiopunguza Bili: Kazi za Wanafunzi Wahitaji Marekani

Barua ya misaada ya masomo inapofika, familia nyingi hukimbilia kujumlisha. Kuna ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, kuna mkopo wa serikali, na chini yake mstari ulioandikwa Federal Work-Study, tuseme dola 2,500. Baba anatoa jumla hiyo kwenye gharama za mwaka, anaona salio linabebeka, anashusha pumzi. Agosti bili ya muhula inaingia. Ruzuku imeipunguza bili, mkopo umeipunguza pia, ila zile 2,500 hazionekani popote. Anapiga simu chuoni akiamini mtoto wake amedhulumiwa.

Hakuna aliyemdhulumu. Fedha hizo ni mshahara ambao mtoto hajaufanyia kazi bado. Akishaufanyia kazi atalipwa mwenyewe, kwa hundi au kwenye akaunti yake, angalau mara moja kwa mwezi, na kwa kawaida bili ya chuo haitaguswa mpaka yeye akubali kwa hiari ikatwe humo. Naandika haya kwa ajili ya familia zetu zinazozungumza Kiswahili huko Marekani: Wakongomani waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kambi nyingine, Wakenya na Watanzania wenye kadi ya ukaazi. Wengi wao wanasomesha mtoto wa kwanza chuo kikuu, na nyumbani hakuna aliyewahi kuisoma barua kama hiyo.

Mpango wenyewe wa Federal Work-Study ulizaliwa na sheria ya mwaka 1964, ile ya vita vya Rais Lyndon Johnson dhidi ya umaskini. Johnson aliyajua maisha hayo. Alipokuwa akisomea ualimu San Marcos, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1920, alifanya usafi chuoni, kisha akapata kazi katika ofisi ya mkuu wa chuo. Fikra ya mpango ilikuwa nyepesi: kijana maskini apate kazi ya saa chache karibu na darasa, serikali kuu ibebe sehemu kubwa ya mshahara wake.

Kuingia kunaanza na FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba misaada ya masomo. Kutokana na kipato na mali za familia, serikali hutoa namba inayokadiria uwezo wao wa kuchangia. Chuo huchukua gharama zote za mwaka, yaani ada, malazi, chakula, vitabu na usafiri, kikatoa namba hiyo. Kinachobaki ndicho uhitaji. Gharama zikiwa dola 28,000 na namba ya familia 1,500, uhitaji ni 26,500. Lakini kuwa na uhitaji hakumhakikishii mtu nafasi. Kila chuo kinachoshiriki hupewa fungu lake la mwaka, na likishagawiwa limekwisha. Vijana wawili wenye hali moja nyumbani, mmoja aliyejaza fomu mapema na mwingine aliyesubiri Juni, wanaweza kupata majibu tofauti kabisa.

Kwa kawaida serikali hulipa hadi asilimia 75 ya mshahara na mwajiri, ambaye mara nyingi ni chuo chenyewe, hulipa iliyobaki. Kampuni ya biashara inayomchukua mwanafunzi hulipa si chini ya nusu. Kwa anayewafundisha watoto kusoma au hesabu, serikali inaweza kubeba mshahara wote. Vyuo pia vinatakiwa kutumia angalau asilimia 7 ya fungu kwa kazi za huduma kwa jamii. Hapo naona mlango ambao vijana wetu hawaupigi hodi vya kutosha: anayejua Kiswahili na Kiingereza anahitajika sana kwenye shule na mashirika yanayopokea wageni.

Sasa tazama hesabu ya saa, maana hapo ndipo barua hainyooshi maneno. Dola 2,500 ni ukomo. Kupata pungufu kunawezekana, na ukiufikia kabla mwaka haujaisha, mchango wa serikali unakoma na kazi inaweza kukoma nao. Kwa mfano, Texas hufuata kima cha chini cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu 2009. Anayelipwa kiwango hicho anahitaji takriban saa 345 kuzifikia 2,500. Katika wiki 30 za masomo ni kama saa 11 na nusu kila wiki. Mwenzake wa jimbo la Washington, ambako kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 16.66, anafika kwa saa 150, yaani saa 5 kwa wiki. Maandishi ya barua ni yale yale, kazi zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi ya misaada ni hili: kwa saa mnalipa ngapi, na kwa wiki mnaruhusu saa ngapi?

Mpango una faida mbili ambazo hazisemwi sana. Mshahara huu hauhesabiwi dhidi ya mwanafunzi anapojaza FAFSA za miaka inayofuata, tofauti na mshahara wa dukani au ghalani. Na akiajiriwa na chuo anachosoma, kwa kawaida hakatwi ile asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, ingawa kodi ya mapato inabaki palepale. Zaidi ya hayo, haruhusiwi kupangiwa kazi wakati wa kipindi chake darasani. Kijana anayepakia mizigo usiku kwenye ghala hana kinga hiyo. Watafiti Judith Scott-Clayton na Veronica Minaya, katika utafiti wa 2016, walikuta kwamba waliofaidika zaidi kimasomo ni wale ambao wangelazimika kufanya kazi mahali pengine hata bila mpango. Ndio watoto wetu hao.

Lakini mgawanyo wa fedha una kasoro, na nitaisema wazi. Fungu la chuo huanza na kiasi kilichokuwa kikipata miaka ya nyuma, ndipo uhitaji wa wanafunzi wa leo unapoangaliwa. Vyuo vikongwe vya binafsi, hasa vya kaskazini mashariki, vinapata kiasi kikubwa kuliko haki yao, na vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambako maskini wengi husoma, vinaambulia kidogo. Sheria ya kusaidia wahitaji isiyoanza na wahitaji inapaswa kurekebishwa.

Neno kwa walio Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura wanaoomba vyuo vya Marekani: mpango huu ni wa raia, wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi, waliopewa hifadhi na makundi mengine machache yaliyotajwa na sheria. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hayumo. Yeye anaweza kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, akilipwa kwa fedha zisizo za mpango huu. Wakala akikuahidi kwamba kazi hizo zitalipa ada yote, mkatae. Na usikubali kazi ya nje bila kibali, kwani unaweza kupoteza viza pamoja na masomo.

Kwa wenye mstari huo kwenye barua, kuandikiwa dola 2,500 si kupangiwa kazi. Vyuo vingi humwachia mwanafunzi aitafute mwenyewe, na nafasi nzuri za maktaba, maabara na ofisi za idara huchukuliwa mapema. Mzazi, mwambie mwanao aanze kuomba kabla ya muhula kufunguliwa, na bajeti ya Agosti uipange kana kwamba fedha hizo hazimo.