Baruti Huzeeka Ndani ya Ganda

Msomaji wetu mmoja, Mkenya anayeishi Texas, ameona dukani makasha ya risasi za bunduki zilizobaki katika maghala ya jeshi la Yugoslavia, za miaka ya 1980, kwa nusu ya bei ya risasi mpya. Anauliza kama anaweza kuziweka nyumbani kwa ajili ya kujilinda, maana maganda yake bado yanang'aa.

Mng'ao huo hausemi lolote kuhusu kinachoendelea ndani, na ndani ndiko kwenye kisa chenyewe.

Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, asili yake ni pamba iliyolowekwa kwenye tindikali mpaka ikawa nitroselulosi. Tindikali huacha vikundi vya nitrojeni na oksijeni vimeng'ang'ania nyuzi za pamba, ila kushikana kwenyewe ni kwa kulegalega. Risasi ikiwa imelala kabatini, bila mtu kuigusa, kikundi kimoja kimoja kinachomoka. Kikichomoka huwa gesi, gesi ikikutana na unyevu huwa tindikali, na tindikali hiyo inakwenda kuchomoa vingine. Uozo huu hujiongezea kasi wenyewe.

Hapa ndipo inapoingia kemikali ninayoipenda kuliko zote katika habari hii: difenilamini. Huchanganywa na baruti kwa kiasi kidogo, takriban asilimia 1, ili iinase ile gesi kabla haijaleta madhara. Wengi wangeiita kidhibiti. Mimi nachagua kitulizi, kwa sababu haizuii uozo kuanza, inautuliza tu usipate nguvu.

Chukua nyumba ya udongo yenye paa linalovuja. Mwenyewe ameweka beseni chini ya tundu. Matone yanadondoka usiku na mchana, beseni linayapokea, sakafu ni kavu, na mpita njia haoni kasoro yoyote. Tena beseni hili ni la ajabu: molekuli ya difenilamini iliyokwisha kunasa gesi hugeuka kemikali nyingine, na hiyo nayo bado inaweza kunasa, kana kwamba beseni likijaa linazaa jingine. Lakini uzazi huo una kikomo. Siku beseni la mwisho litakapofurika, maji yatashuka ukutani, udongo utalainika, paa litainama, na tundu litapanuka. Joto nalo ndilo mvua yenyewe: kila zikiongezeka nyuzi 10 za Selisiasi, matone huongezeka mara mbili au zaidi. Kwa hiyo risasi ya mwaka 1985 iliyotunzwa kwenye handaki lenye ubaridi yaweza kuwa na beseni karibu tupu, na pacha wake aliyepitisha kiangazi baada ya kiangazi kwenye gereji ya Texas lake likawa limefika ukingoni.

Wafaransa waliyajua haya kwa msiba. Manowari Iéna ililipuka Toulon Machi 1907, na Septemba 1911 ikafuata Liberté, palepale Toulon, wakafa watu karibu 300. Baruti ilikuwa imeozea ndani ya meli.

Majeshi hupima kitulizi kilichobaki maabarani, na shehena iliyopungukiwa huondolewa. Msomaji wetu hana maabara. Ana mwaka uliogongwa kwenye kitako cha ganda, unaomwambia risasi ilitengenezwa lini bila kumwambia ililala wapi. Akifungua kasha akasikia harufu kali inayochoma pua, au akaona ukijani pale kichwa cha risasi kinapoingia kwenye ganda, asizitie kwenye bunduki kabisa.

Atasema atajaribu chache. Akifyatua 50 na isigome hata moja, takwimu zinamruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba zinazoweza kugoma hazizidi 6 katika kila 100. Kanuni yake ni kugawanya 3 kwa idadi ya majaribio. Akitaka isizidi 1 katika 100, lazima afyatue 300, zote za bechi moja, na hapo ile nafuu ya bei imekwisha kuteketea.

Isitoshe, tangu Azimio la Hague la 1899 risasi za kijeshi kwa kawaida zina vichwa vilivyofunikwa kwa metali, visivyotanuka vikigonga mwili. Kuta za jasi za nyumba za Marekani hazivizuii, na nyuma ya ukuta huenda amelala mtoto.

Za kujilinda anunue mpya, na asiziache kwenye gari wala gereji. Hizi za bei ya chini ni za uwanja wa shabaha. Ikigoma moja huko, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa nusu dakika au zaidi kabla ya kuitoa, maana fataki iliyo kwenye kitako, nayo ikizeeka, wakati mwingine huiwasha baruti kwa kuchelewa.