Ian Curtis, kifafa na wimbo ambao Waingereza hawajauacha

Ukiishi Uingereza miaka michache tu, wimbo huu utakuwa umekwishakupita masikioni, iwe dukani, kwenye redio ya kazini au kwenye sherehe ya jirani. Unaitwa Love Will Tear Us Apart, yaani mapenzi ndiyo yatakayotutenganisha. Mdundo wake umechangamka na watu huucheza. Lakini nyuma yake yupo kijana wa miaka 23, mke, mtoto mchanga, na ugonjwa ambao kwetu hutajwa kwa kunong'ona: kifafa.

Bendi ya Joy Division ilikuwa ya vijana wanne wa Manchester na miji ya jirani: Ian Curtis mwimbaji, Bernard Sumner kwenye gitaa, Peter Hook kwenye besi na Stephen Morris kwenye dramu. Sumner na Hook walipata hamu ya kuanzisha bendi mwaka 1976, baada ya kuwaona Sex Pistols jukwaani. Muziki wa panki wakati huo ulikuwa wa kelele na hasira. Waliofuata, walioitwa posti-panki, walipunguza kelele wakaongeza ukimya, vinanda na huzuni.

Mwanzoni Curtis alikuwa pia na kazi ya ofisini. Aliajiriwa kwenye ofisi ya ajira mjini Macclesfield, akiwasaidia watu wenye ulemavu kutafuta kazi. Mmoja wao alikuwa binti mwenye kifafa, ambaye baadaye alifariki. Habari hiyo ilimgusa, akaandika wimbo She's Lost Control. Kisha mwishoni mwa Desemba 1978, wakirudi kutoka kupiga muziki London, yeye mwenyewe alianguka ndani ya gari. Januari 1979 madaktari walithibitisha kuwa ni kifafa. Aprili mwaka huohuo mkewe, Deborah, akajifungua mtoto wa kike.

Mimi ni muuguzi, na nikiangalia ratiba yao ya mwaka ule naona karibu kila kitu tunachomkanya mgonjwa. Walikesha, walisafiri usiku na kulala saa chache. Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayoamsha kifafa kwa urahisi. Dawa za zama zile nazo zilikuwa na mzigo wake: baadhi, kama fenobabitoni, zinajulikana kwa kuleta usingizi na kushusha moyo. Jukwaani Curtis alicheza kwa kurusharusha mikono, na mara nyingine watazamaji hawakujua ngoma imeishia wapi na ugonjwa umeanzia wapi. Wengine walishangilia.

Love Will Tear Us Apart ulitungwa mwaka 1979, ndoa yake ikiwa tayari inayumba. Unazungumzia nyumba ambamo watu wawili bado wanaishi pamoja lakini ukaribu umekwisha. Bendi iliurekodi Januari 1980 huko Oldham, lakini mtayarishaji wao, Martin Hannett, hakuridhika. Machi waliurudia Stockport. Santuri ilipotoka ilibeba matoleo yote mawili, moja kila upande.

Mwanzoni mwa Aprili 1980 Curtis alijaribu kujitoa uhai, akalazwa. Jioni ya tarehe 8 Aprili, siku chache tu baadaye, alikuwa ukumbini Bury kwa ajili ya onyesho. Hakuweza kuimba sawasawa, wakasimama waimbaji wengine, na watazamaji wakafanya fujo. Tarehe 18 Mei, siku moja kabla ya safari ya bendi kwenda Marekani, alijiua nyumbani kwake.

Santuri ilitoka Juni, yeye akiwa kaburini. Ilifika nafasi ya 13 kwenye chati ya Uingereza, na ilipotolewa tena mwaka 1983 ikaingia 20 bora kwa mara nyingine. Mwaka 2002 jarida la NME liliutaja kuwa wimbo bora wa santuri wa nyakati zote. Deborah aliandika kitabu kuhusu maisha yao mwaka 1995, na jina la wimbo ndilo lililochongwa kwenye jiwe la kumbukumbu ya mumewe Macclesfield. Wenzake watatu waliendelea kwa jina la New Order.

Miaka mingi baadaye wenzake hao walisema kwamba hawakuyatilia maanani maneno yake wakati ule. Walidhani ni ushairi tu. Walikuwa vijana wa miaka ya ishirini, na kila walipomuuliza hali aliwajibu kuwa yuko sawa. Hapo ndipo kisa hiki kinapotugusa sisi tulioko ughaibuni. Ni wangapi kati yetu wanapiga simu nyumbani na kusema "sijambo kabisa", huku wakificha vidonge kwa kuogopa kupoteza kazi, leseni ya udereva au mchumba? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi nacho, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata uchunguzi na dawa sahihi. Wenye kifafa pia hupata sonona zaidi ya watu wengine. Kwa hiyo unapomuuliza mgonjwa, usiishie kwenye "umeanguka mara ngapi?" Muulize pia analalaje, na moyo wake ukoje. Kumuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema.

Mtu akianguka mbele yako, angalia saa. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimkandamize na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu na ukae naye hadi azinduke vizuri. Ukizidi dakika tano, au ukirudia kabla hajazinduka, ita gari la wagonjwa: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman. Namba hizohizo ni za kupiga pia pale ndugu yako anapokuambia kuwa amechoka kuishi na unahofia atajidhuru. Usimwache peke yake usiku huo.