Ukali wa Picha za Video za Mtandaoni

Wengi hudhani kwamba ukali wa picha ya video ni sifa ya kioo inapoonyeshwa. Dhana hiyo ina upungufu, maana picha hupunguzwa kabla ya kusafirishwa, wala kioo hakiwezi kurudisha yaliyoachwa njiani.

Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikipewa biti 24, na fremu zikiwa 25 kwa sekunde, zitahitajika biti zipatazo 1,244,000,000 kila sekunde. Mkondo wa biti 5,000,000 kwa sekunde huchukua sehemu moja tu katika 250 hivi za kiasi hicho.

Upunguzaji huo una njia tatu kubwa. Kwanza, kisichobadilika baina ya fremu hakirudiwi, kama vile kiambishi cha kitenzi kinavyotosha pale ambapo jina limekwisha kutajwa. Pili, kwa kawaida pikseli 4 hupewa kipimo kimoja cha rangi, kwani jicho hutambua tofauti za mwangaza kuliko za rangi. Ndiyo sababu herufi nyekundu juu ya weusi huonekana kama zilizovuja wino. Tatu, fremu hugawanywa katika vipande vya mraba, na mambo madogo madogo ndani yake, mathalani majani ya mti, hukadiriwa au huachwa. Biti zikipungua mno, mipaka ya vipande hivyo hudhihirika, hasa penye giza au maji yanayokwenda.

Hata hivyo, upungufu huo hauonekani mahali pote sawasawa. Jicho zima hutenganisha vitu kwa pembe ipatayo dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Picha yenye upana wa pikseli 1280, ikiwa katika simu ya sentimita 14 iliyo umbali wa sentimita 40, kila pikseli yake ni milimita 0.11, ambao ndio mpaka wa jicho. Katika televisheni yenye upana wa mita 1, pikseli hiyo hiyo hufikia milimita 0.78, na mtazamaji aliye umbali wa mita 2 huona kasoro zilizofichwa na simu.

Basi wingi wa pikseli na ukali wa picha si jambo moja. Anunuaye televisheni ya pikseli 3840 kwa 2160, na mkondo wake ukabaki ule ule, amenunua uwanja mpana wa kuonyeshea upungufu. Na atazamaye kwa simu ndogo, akichagua mkondo mkubwa kupita wote, hulipia mengi ambayo jicho lake halitayaona.