Kibaba cha Elimu: Saa za Uzamili Zipimwe kwa Haki

Mfanyabiashara wa nafaka hawezi kudumu sokoni iwapo kibaba chake hakilingani na cha jirani yake. Wazee wa pwani waliafikiana tangu kale kwamba vibaba viwili ni kisaga na vibaba vinne ni pishi, na makubaliano hayo ndiyo yaliyomwezesha mnunuzi kujua alichobeba kabla hajafika nyumbani. Vyuo vikuu navyo vina kibaba chao. Kinaitwa krediti, na kila kozi ya uzamili au uzamifu huandikiwa tarakimu inayodaiwa kuonyesha uzito wake. Yafaa tujiulize tarakimu hiyo hupima nini hasa, na iwapo mwanafunzi anayeitegemea hupata kipimo kamili.

Tuanze na asili yake. Kipimo hiki hakikuzaliwa katika falsafa ya elimu bali katika mfuko wa pensheni. Mwaka 1905 tajiri wa chuma cha pua, Andrew Carnegie, alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wa Amerika ya Kaskazini wapate malipo ya uzeeni. Wasimamizi wa wakfu huo walilazimika kwanza kuamua ni taasisi zipi zilizostahili kuitwa vyuo. Wakaweka sharti kwamba chuo kipokee wanafunzi waliokamilisha vitengo 14 vya masomo ya sekondari, kila kitengo kikiwa na takriban saa 120 za darasani. Mwaka 1910 mhandisi Morris Cooke aliuandikia wakfu huo ripoti iliyopendekeza kwamba vyuo vihesabu kazi na gharama zao kwa saa ya mwanafunzi, kama viwanda vinavyohesabu gharama za bidhaa. Tangu hapo saa ya kukaa darasani imekuwa sarafu ya elimu ya juu katika sehemu nyingi za dunia.

Kasoro ya sarafu hiyo ni kwamba hupima kikao, si kazi. Wamarekani wenyewe walilitambua hilo. Kanuni iliyotolewa na Wizara yao ya Elimu mwaka 2010 inaeleza kwamba krediti moja ni saa moja ya darasani pamoja na saa zisizopungua mbili za kazi nje ya darasa kila juma, kwa takriban majuma 15. Kwa hesabu hiyo, kozi ya krediti 3 ni kazi ya saa 135, na theluthi mbili za saa hizo mwanafunzi huzitumia akiwa peke yake na vitabu vyake. Aidha, vyuo vingi vya huko humhesabu mwanafunzi wa uzamili kuwa wa kutwa akiwa na krediti 9 katika muhula, ilhali mwenzake wa shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na 12. Sababu ni dhahiri: anayesomea uzamili hatarajiwi kusikiliza tu, bali kusoma kwa kina, kuhoji na kuandika.

Ulaya ilishika njia nyingine. Huko mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje. Hapa kwetu, mfumo wa sifa za elimu ya juu ulioandaliwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki mwaka 2015 unaihesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi yote. Tazama basi linalotokea: tarakimu 3 iliyoandikwa kando ya kozi ni saa 135 Marekani, saa 75 hadi 90 Ulaya, na saa 30 katika mfumo wa Afrika Mashariki. Jina ni moja, vibaba ni vitatu.

Humu nchini mkanganyiko huo una sura yake. Kozi bado huelezwa kwa wingi wa saa za mhadhara: katika baadhi ya vyuo kozi moja ni saa 35, kwingine ni 42 au 45. Kanuni zilizozoeleka hueleza pia kwamba saa moja ya mhadhara ni sawa na saa mbili za mafunzo ya vikundi vidogo au saa tatu za maabara. Ulinganisho huo una manufaa, lakini wote unahusu muda ambao mwalimu yupo. Saa za maktabani na za kuandika mara nyingi huachwa zijitafutie nafasi.

Anayeumia zaidi ni nani? Ni mwalimu wa sekondari au wa msingi anayesomea uzamili wakati wa likizo za shule. Tuseme amejiandikisha kwa kozi nne za saa 45, na zote zinafundishwa katika majuma matatu ya likizo. Jumla ni saa 180, yaani saa 60 kwa juma au saa 10 kwa siku kwa siku sita. Atasoma makala gani, na saa ngapi? Iwapo kila saa ya mhadhara inadai saa mbili za kazi ya binafsi, mwalimu huyo hutoka chuoni akiwa na deni la saa 360, analopaswa kulilipa usiku, baada ya kufundisha mchana kutwa na kusahihisha madaftari. Chuo kitasema kimetimiza saa zake, na kwa kweli kimezitimiza. Lakini kilichotimizwa ni theluthi moja tu ya elimu yenyewe.

Tasnifu nayo hupunjwa zaidi. Katika programu nyingi za Marekani tasnifu ya uzamili hupewa krediti 6 hivi kati ya 30 au 36. Afrika Kusini, ambako krediti ni saa 10, shahada ya uzamili huwa na krediti 180, nazo zinaweza kutolewa zote kwa utafiti, yaani saa 1,800 za kazi inayotambuliwa. Katika taaluma yangu ya isimu naona wazi kwa nini tofauti hiyo si jambo dogo. Mwanafunzi anayechunguza lahaja hana budi kwenda kwa wasemaji, kujenga imani yao, kurekodi masimulizi, kuyanukuu neno kwa neno, kisha kuyachanganua. Saa moja ya masimulizi yaliyorekodiwa hula saa nyingi za kunukuu. Kazi hiyo isipohesabiwa, si ajabu wengi wanaomaliza masomo ya darasani kwa wakati hukwama katika tasnifu miaka na mikaka.

Kisichohesabiwa kwa mwanafunzi hakihesabiwi kwa mwalimu pia. Mhadhiri akipangiwa mzigo kwa saa za mihadhara pekee, kusoma rasimu ya kurasa 120 na kuijadili na mwandishi wake huonekana kama hisani. Hisani haidaiwi. Matokeo yake ni rasimu kulala mezani huku karo ikiendelea kulipwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba elimu ni bahari, haipimiki kwa saa. Ni kweli. Kitabu kimoja kilichoeleweka huweza kushinda mihadhara kumi. Lakini tukitupa kipimo chochote, atakayenyimwa haki ni yule asiye na sauti, hasa mwanafunzi anayehama kutoka chuo kimoja hadi kingine na kuambiwa aanze upya. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walilitangaza eneo hili kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo halitakuwa na maana kwa mwanafunzi wa Maseno anayetaka kuendelea Dar es Salaam au Makerere ikiwa krediti zake hazisomeki huko.

Mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Kwanza, kila muhtasari wa kozi ya uzamili utaje saa zote: za mhadhara, za kusoma, za kuandika na za nyanjani. Pili, tasnifu ipewe krediti zinazolingana na jasho lake, na usimamizi uingizwe katika mzigo wa kazi wa mhadhiri. Tatu, kozi za likizo zipangwe kwa kuacha nafasi ya kusoma, hata ikibidi zipungue kutoka nne hadi mbili.

Neno krediti limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuamini. Chuo kinapoandika tarakimu hiyo kinatoa ahadi, na mwanafunzi anailipia kwa fedha na kwa umri wake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na saa za mwanafunzi ni mali. Wakuu wa vyuo na wa vitivo vya uzamili hawana budi kulifungua daftari hilo ili kila anayejiandikisha ajue anachobeba.